Maswali ya Wasomaji: Mikono Ndiyo Maneno

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi ni kikundi cha vijana, tunaandaa filamu ya familia kuhusu binti kiziwi wa miaka 13 anayemsaidia mama yake kuanika dagaa. Mwigizaji wetu anasikia, amejifunza alama wiki mbili. Viziwi tuliowaonyesha majaribio wanasema hawamwelewi. Tena picha za jioni ufukweni, mikono haionekani. Tumekosea wapi? – *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Mmefanya vizuri kuwaonyesha viziwi mapema. Wiki mbili zinatosha kukariri alama, hazitoshi kuongea. Katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi: nyusi, macho na midomo hubeba swali na ukanushi. Anayesikia aliyejifunza juzi hupanga alama kwa mfuatano wa maneno ya Kiswahili, uso umetulia tuli. Kwa kiziwi ni kama kusomewa kamusi.

Mtafuteni binti kiziwi, kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) au walimu wa wanafunzi viziwi. Katika filamu ya CODA ya 2021, baba, mama na kaka waliigizwa na viziwi, na Troy Kotsur, aliyecheza baba, akapata Oscar mwaka 2022. Mpeni binti hati ya filamu mapema, yeye na kiziwi mtu mzima waigeuze mistari iwe alama. Huyo mtu mzima akae karibu na kamera siku za kupiga, kwa sababu alama ikikosewa ninyi hamtajua. Mkalimani asimame kando ya lenzi, mahali binti anapomwona bila kugeuka, na wawe wawili wa kupokezana kila dakika 20 hadi 30. Kelele za “eksheni” hazitamfikia, pungeni mkono.

Fremu ianzie juu ya kichwa ifike chini kidogo ya kiuno, viwiko vikiwa na nafasi pande zote. Hapo chini patawafaa pia kwa maandishi ya tafsiri: mistari miwili, herufi zisizidi 37 kila mmoja, yasifunike mikono. Tafsirini na mazungumzo ya wanaosikia, maana viziwi nao watakuja kutazama. Mama na binti wakiongea, waketi kama watu waliokaa kwenye kona ya jamvi, wote waonekane. Kamera ikipita juu ya bega, bega linakula mikono. Kosa linalotuuma zaidi hutokea kwenye uhariri: sentensi ya alama haijaisha, picha inakatwa kwenda kwa anayemtazama. Huko ni kumziba mtoto mdomo.

Kitenge cha maua makubwa kifuani humeza vidole. Mvisheni rangi moja nyepesi, bangili zitoke.

Sasa ile jioni. Kigoma jua huzama ziwani, kwa hiyo kamera ikitazama maji mwanga wote unatoka nyuma ya binti, naye anabaki kivuli. Giza likiingia, simu nayo hupunguza yenyewe kasi ya shata, yaani kila picha huchukua muda mrefu zaidi kupokea mwanga, na mikono inakuwa ukungu. Pigeni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni kwa mpigapicha. Shata iwe 1/100 ya sekunde. Isishuke chini ya 1/50. Asubuhi ndiyo dagaa wanaanikwa, basi hadithi haiharibiki.

SWALI: Filamu yetu inaisha mtoto kiziwi akipanda treni kwenda Dar es Salaam, anatibiwa, anarudi anasikia. Wengine kikundini wanapinga. Ni sawa? – *Msomaji, Tabora*

JIBU: Wanaopinga wana haki. Mji wenu una shule ya viziwi tangu 1963. Watoto wake wakitazama mwisho huo, wataelewa kwamba furaha ni ya wanaosikia tu. Filamu ya kukua humtaka mtoto atamani kitu, akosee, achague. Mpeni kosa lake mwenyewe, kama kuficha nauli aliyopewa na shangazi. Neno “bubu”, kama limo kwenye hati, liondoeni. Treni ibaki, ila aende kujifunza uchomeleaji. Kioo cha dirisha kikishafungwa, abiria wengine hawasikii tena wanachoambiwa na ndugu zao jukwaani. Yeye na mama yake bado wanaongea. Pigeni kutoka nje, mkiacha nafasi ya viwiko, na msikate mpaka treni iondoke.