Kabla hujatengeneza programu ya muziki wa sherehe, nenda kakae nyuma ya DJ

Vijana wanaosomea kompyuta hapa Mtwara hunijia na mawazo yao kwa sababu wanajua kazi yangu ni kukodisha mziki: spika, mikisa, jenereta na DJ wa kuviendesha. Wazo ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine ni programu ya simu ya kuchagua nyimbo kwa pamoja kwenye sherehe. Mgeni akifika anaongeza wimbo wake kwenye foleni, wengine wanaupigia kura, na wenye kura nyingi unatangulia. Mwaka huu mpwa wangu naye alikuja nalo, akaniambia, "Mjomba, hii huku Kusini haipo." Tulilipima pamoja. Naandika tuliyoyaona kwa ajili ya kijana mwingine atakayepata wazo hilihili, maana linaweza kumla mtu mwaka mzima akilianzia upande usiofaa.

Msimamo wangu nautaja mapema. Ukiitengeneza kwa ajili ya mgeni mwalikwa, hutapata biashara. Ukiitengeneza kwa ajili ya DJ na mwenye shughuli, kuna riziki humo, ndogo lakini ya kweli.

Wazo lenyewe limezungushwa sana Ulaya na Marekani, ambako sherehe ya namna hiyo ni watu wachache sebuleni, spika moja na simu moja. Mwenye simu ndiye mwenye muziki, waliobaki wananung'unika. Shida hiyo ipo, na imeshapata dawa. Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni iliyofika Tanzania mwaka 2021, ilileta Jam Septemba 2023: mwenye akaunti ya kulipia anafungua kikao, anakaribisha wenzake hadi watu 32, na kila mmoja anatia wimbo wake bila kulazimika kulipia. Hapa kwetu kinachofanana na sebule hiyo ni geto la wanachuo. Hao wataitumia Jam, au watapokezana simu tu yaishe. Kijana wa Shangani atamuuzia nani kitu ambacho kampuni ya dunia nzima inakitoa kama nyongeza?

Sasa njoo kwenye shughuli zetu. Harusi ya ukumbini, iwe mjini hapa, Masasi au Nachingwea, ina kamati, ina MC na ina ratiba. Wimbo wa kuingia maharusi umechaguliwa wiki kadhaa kabla, tena bibi harusi na dada zake wameubishania. Kuna wimbo wa keki, wimbo wa wazazi, wimbo wa zawadi, na kila kundi la akina mama lililoshona sare lina wimbo wake wa kwenda nao mbele kutunza. Ukipenyeza kura katikati ya mambo hayo umemvurugia MC kazi. Nafasi iliyo wazi kwa wageni ni wakati wa chakula na saa za mwisho baada ya zawadi, watu wanapojimwaga uwanjani.

Na kura yenyewe ni ya nani? Hili ndilo nililotaka mpwa wangu alione kuliko mengine yote. Anayegharamia sherehe ni mwenye shughuli na waliomchangia, na wengi wao ni watu wazima. Bibi aliyeteremka kutoka Newala kwa ajili ya mjukuu wake ana kitochi. Akisikia mdundo wa sindimba atanyanyuka kwenye kiti bila kuombwa. Vijana wa meza za nyuma wana simu janja na wanataka singeli hadi asubuhi. Programu itahesabu vidole vya meza za nyuma na kutangaza kwamba huo ndio utashi wa ukumbi mzima. Mwenye shughuli akiliona hilo mara moja, hatakubali lije tena kwenye shughuli ya nyumbani kwake. DJ anayeijua kazi hatazami nani anapiga kelele zaidi. Anatazama nani amekaa muda mrefu, anampigia cha kwake, ukumbi unachanganyika. Nimeona harusi zikiokolewa hivyo, na sijaona namna ya kuliweka jambo hilo kwenye kura.

Unyago nauweka pembeni kabisa. Kule nyimbo zina wenyewe, zina mafunzo na zina mahali pake, na mwali hachezwi kwa simu. Sherehe ya kumtoa mwali, ambapo watu hukodi mziki mkubwa, hiyo ni habari nyingine, na kwetu wenye spika ni kazi kubwa kila likizo za shule.

Kulipima wazo hakukuhitaji programu. Nilimkataza mpwa wangu kuandika hata mstari mmoja wa kompyuta kwanza, na nitamkataza kila atakayeniuliza. Tuliomba ruhusa kwa mwenye shughuli, tukakubaliana na DJ, tukaweka mezani kwake daftari na kalamu, na kwenye meza za wageni kadi zenye namba ya WhatsApp ya maombi. Mpwa wangu akakaa nyuma ya DJ hadi mziki unazimwa, akiandika kila ombi: saa, nani kaomba, kaomba nini, kapewa au hakupewa. Tulifanya hivyo kwenye harusi, kwenye sendoff na kwenye kumtoa mwali, kwa sababu kila shughuli ina watu wake.

Nyimbo zilizoombwa zilikuwa zilezile kwa sehemu kubwa, na DJ angezipiga hata asingeombwa. Kwa hiyo kumjulisha DJ watu wanapenda nini si msaada. Anajua, ndiyo kazi yake. Kinachomchosha ni namna maombi yanavyomfikia. Anaombwa akiwa katikati ya kuunganisha nyimbo, anapigiwa kelele sikioni, anavutwa shati, anaitikia asichokisikia, halafu mtu anarudi kulalamika kwamba aliahidiwa. Usiku mzima ni hivyo.

Upande wa waombaji ndiko tulikojifunza zaidi. Wachache walitaja jina la wimbo wakaishia hapo. Wengi waliandika maneno kama "tupigie sisi wa Chikongola tukianza kwenda mbele", au "shangazi akisimama ndiyo uupige", au "MC amtaje mama wa bwana harusi kwanza". Walichokitaka ni wimbo kwa wakati wao, na jina lao lisikike. Foleni ya kura haina pa kuliweka hilo. Wimbo uleule ukipigwa robo saa baadaye, akina mama wameshakaa na viatu wamevua, umepotea.

Hapo ndipo wazo liligeuka. Kitu kinachofaa kutengenezwa ni daftari la DJ lililopangika. Maombi yanaingia kimya, yanajipanga chini ya vipengele vya ratiba, DJ anakubali au anakataa kwa kidole, mwombaji anapata jibu, na MC anaona majina ya kutaja. Kura hakuna. Wimbo ambao familia haiutaki unazuiwa tangu mwanzo na mwenye shughuli mwenyewe, jambo ambalo akina mama wa kamati walilifurahia kuliko chochote tulichowaeleza.

Kuupiga wimbo wenyewe mwachie DJ, kutoka kwenye laptopu yake. Mpwa wangu alitaka programu ivute muziki yenyewe kutoka Spotify, na hapo palikuwa na shimo. Masharti yao kwa watengenezaji hayaruhusu kufanya biashara kwa programu inayopitisha muziki wao, na akaunti ya mteja ni ya matumizi binafsi, si ya ukumbi. Novemba 2024 walifungia miradi mipya baadhi ya data zao ambazo watengenezaji wengi walizitegemea. Kabla ya hapo kulikuwa na Turntable.fm ya Marekani, iliyoanza mwaka 2011, watu wakipigiana nyimbo kwa zamu kwenye vyumba vya mtandaoni. Ilipendwa mno, na mwaka 2013 ikafungwa. Mwanzilishi wake aliandika baadaye kwamba zaidi ya robo ya fedha zao ziliishia kwa mawakili, mirabaha na huduma za muziki. Kama wao walilemewa, wewe unayeanza na akiba ya mkononi usiupande mlima huo.

Sheria za hapa nyumbani nazo zisome. COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, ipo kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na muziki unaopigwa hadharani kibiashara unahitaji leseni. Daftari la maombi halipigi wimbo wowote, kwa hiyo mzigo wako ni mwepesi zaidi, lakini waulize wao wenyewe kabla ya kuchukua fedha ya mtu. Ukikusanya majina na namba za simu za wageni unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ushauri wangu: usizihifadhi. Sherehe ikiisha, zifute.

Kuhusu ufundi nitasema kidogo. Mgeni hapakui programu kwa ajili ya usiku mmoja. Bando analibana na simu imejaa. Mpe ukurasa unaofunguka kwa msimbo wa QR mezani, na namba ya meseji ya kawaida kwa mwenye kitochi. Usitegemee hotspoti ya laptopu ya DJ, maana ya Windows inabeba vifaa 8 tu. Rauta ndogo inabeba zaidi, na ukurasa ukikaa ndani ya laptopu hiyohiyo, maombi yanafika hata kijijini ambako mtandao unasuasua.

Fedha sasa. Vijana wengi huniambia, "Watu laki moja wakipakua, matangazo yatalipa." Laki moja hao watatoka wapi? Hesabu unayoweza kuikagua kwa miguu ni ya ma-DJ. Tuseme umewapata 30 kati ya Mtwara, Lindi na Masasi, kila mmoja ana shughuli nne kwa mwezi, na anakulipa shilingi 5,000 kwa kila shughuli. Hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwezi, kabla ya nauli, bando na muda wako wa kupokea simu usiku DJ anapokwama. Ni kipato cha kijana mmoja mwenye kazi nyingine pembeni. Sikidharau hata kidogo, ila ofisi na wafanyakazi watatu hakilipi.

Tena mwezi huo ni wa msimu. Huku kwetu sherehe zinafuata korosho. Minada ikianza Oktoba na wakulima wakaanza kulipwa kupitia vyama vyao, kumbi zinajaa na spika zangu hazilali. Ramadhani, harusi za Waislamu, ambao ndio wengi pwani hii, zinasimama. Kilimo kikianza, mifuko inakauka. Kwa hiyo usitoze kwa mwezi. Toza kwa shughuli, DJ akulipe siku anayolipwa yeye, na ada hiyo aiingize kwenye bei anayompa mwenye shughuli.

Kuna kishawishi kimoja nataka ukiepuke. Ukiona noti zinavyomiminika wakati wa kutunza utafikiria kuzipitisha kwenye programu kwa fedha za simu na kukata asilimia. TouchTunes ya Marekani hutoza wateja wa baa wanaochagua wimbo kwa simu, na anayetaka utangulie huongeza malipo. Pale ni baa, mteja ananunua burudani yake mwenyewe. Kwetu noti hiyo ni ya bibi harusi, na anayetunza anataka ukumbi umwone mkono ukinyooka. Ukijipenyeza katikati umegusa heshima ya familia. Kama kuna fedha ya mgeni ya kugusa, iwe ile anayompa DJ mwenyewe kwa hiari, nayo DJ aipokee kwenye namba yake.

Mpwa wangu sasa anatengeneza toleo la kwanza, ukurasa mmoja tu, kwa ma-DJ wachache waliokwisha kutoa fedha. Hilo la kutoa fedha nililisimamia kwa ukali. Nilimwambia aende kwa kila DJ na daftari lile la usiku ule, amwonyeshe maombi yalivyoingia na yalivyopotea, kisha aombe malipo ya shughuli mbili za mbele. DJ akisema "mdogo wangu, wazo zuri sana, lete kwanza tuone", andika kwamba amekataa. Akisema "bei kubwa, nina elfu tatu", pokea elfu tatu, muulize shughuli yake ni lini, na uwe pale kabla spika hazijashushwa kwenye gari.