Beji za majeruhi: maswali yenu na majibu

Nimenunua beji ya fedha ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ya mviringo, yenye herufi GRI. Muuzaji anasema aliyepewa beji hiyo alijeruhiwa. Ni kweli?

Hawezi kujua kama hajafuatilia nambari. Beji hiyo, iliyoanzishwa Septemba 1916, walipewa walioachishwa jeshi kwa majeraha au kwa maradhi. Aliyeugulia kambini bila kuuona uwanja wa vita alipata ileile ya aliyekatwa mguu. Igeuze, soma nambari iliyo nyuma, kisha itafute kwenye orodha za WO 329 (kumbukumbu za Wizara ya Vita), Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Humo mna jina, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na ya kuachishwa, na sababu. Ukikuta "392 (xvi)", usishangilie: ni kifungu cha kanuni za jeshi kinachosema tu kwamba hafai tena kwa vita kimwili. Kinachokuhusu ni kama pameandikwa majeraha au ugonjwa. Nambari inayoanza na RN ni ya wanamaji; WO 329 ni ya jeshi la nchi kavu.

Wauzaji wanaobandika neno "majeruhi" kwenye kila beji wanapandisha bei kwa jambo wasilolijua. Msiwalipe kwa hilo.

Nitumie dawa ya meno ili ing'ae?

Nimeshalijibu mara nyingi: hapana! Ina chembe zinazokwangua fedha, na nambari ndiyo huanza kufifia. Ikifutika, mwenye beji hapatikani tena. Pangusa kwa kitambaa laini cha pamba, basi. Weusi uache.

Nambari yangu haisomeki.

Ilaze chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, na kioo cha kukuzia mara 10. Izungushe polepole.

Rangi za beji ya Wajerumani ya 1918 zina maana gani?

Nyeusi ni majeraha 1 au 2, fedha 3 au 4, dhahabu 5 na zaidi.

Nimepata ya dhahabu kwa bei ya nyeusi. Nichukue?

Usitoe hela kabla hujachungulia nyuma. Kuna watu wanaopaka nyeusi rangi ya dhahabu. Angalia pembe ambazo brashi haifiki: panapokutana panga mbili chini ya kofia ya chuma, na kwenye bawaba ya pini. Ukiona weusi ukichungulia, au rangi imekaa juu ya kutu, irudishe. Sumaku haitakuamulia, maana bati la chuma la kughushi nalo hunasa. Na ukinunua ya chuma, isiguse maji: kutu huingia chini ya rangi na kuibandua.