Si kila homa ya kichwa ni malaria

SWALI: Daktari, shemeji yangu aliugua homa na kichwa, na siku ya tatu akaanza kutuita kwa majina yasiyo yetu na kulalamikia harufu ya kuungua ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Tulidhani ni malaria iliyopanda kichwani, lakini tumeambiwa ni virusi vya hepesi. Je, inawezekana?
Msomaji, Tanga

JIBU: Inawezekana. Virusi hivyo, ambavyo kwa wengi husababisha malengelenge ya midomoni tu, mara chache huingia kwenye ubongo na kushambulia hasa sehemu zake zilizo karibu na panja, zinazohusika na kumbukumbu, lugha na hisia ya harufu. Ndiyo maana mgonjwa huonekana kana kwamba amerukwa na akili kabla hata hajapata degedege. Ndani, chembe nyeupe za damu huizingira mishipa, seli za neva hufa, tishu huvimba na kuvuja damu. Kupima malaria kulikuwa sahihi, ila kipimo kinachothibitisha ugonjwa huu ni cha maji ya uti wa mgongo. Dawa ya asaikloviri hutolewa kwa mshipa kwa siku 14 hadi 21, na huanzishwa bila kusubiri majibu, kwa kuwa bila tiba takriban wagonjwa 7 kati ya 10 hufariki.