Re: Taito ya animesheni kuhusu lugha za Kichina, nianzie wapi?

Mkuu, hiyo ramani ya China inayowaka taa mkoa kwa mkoa unayotaka kufungulia nayo taito (zile sekunde za mwanzo zenye jina la kipindi) achana nayo, imeshachosha watu. Anza na herufi moja tu katikati ya skrini, mfano 我 yaani "mimi", ichorwe mstari kwa mstari kwa mpangilio wake (iko mistari 7, ukikosea mpangilio Wachina watakucheka kwenye komenti), halafu iache itulie pale pale ila sauti ndo ibadilike kwa lugha tatu za Kichina, Mandarini "wo", Kantoni "ngo", Hokkien "gua". Mtu anaelewa bila kuambiwa kwamba herufi ni ile ile ila matamshi ni tofauti.

Toni nazo (yaani sauti kupanda na kushuka, inayobadilisha maana ya neno) zinajichora zenyewe, Mandarini ziko 4, ya kwanza imenyooka juu, ya pili inapanda, ya tatu inazama, ya nne inashuka ghafla, basi jina la kipindi lipite kwa kufuata mistari hiyo hiyo.

Ila usiwadanganye watu kwamba Wachina wote wanaandika sawa. Kantoni wana herufi zao, chukua 有 "kuna", futa vimistari viwili vya ndani unapata 冇 "hakuna", hiyo ni animesheni ya bure kabisa! Na fonti zile za mianzi mianzi na madragoni, tafadhali weka mbali.