Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Mto Umebaki na Kambare Tu?

SWALI: Sisi ni kikundi cha mazingira hapa Rujewa, Mbarali. Oktoba tulikokota wavu kwenye mikono miwili ya pembeni ya mto, tukapata kambare na perege wachache. Wazee wanasema zamani ningu na ngogo walikuwa wengi humo. Tuandike kwenye taarifa kwamba wametoweka?
Msomaji, Rujewa

JIBU: Msiandike hivyo bado. Oktoba kiangazi kiko ukingoni, na mkono uliokatika na mto wakati huo ni dimbwi tu. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa karibu na matamvua, kwa hiyo hubaki hai pale ambapo wenzake wamekufa au wameshaondoka na maji. Mlichokipima ni dimbwi la Oktoba.

Kwanza gaweni mikono yenu katika makundi matatu: iliyounganika na mto juu na chini, iliyounganika upande mmoja, na iliyokatika kabisa. Chagueni angalau mitatu ya kila kundi, na muipime yote Mei au Juni maji yanaposhuka, kisha tena Oktoba. Mkipima wa aina moja Juni na wa aina nyingine Oktoba, hamtajua tofauti imeletwa na msimu au na mkono wenyewe.

Makazi yapimwe kabla ya wavu kuvuruga tope. Katika kila mkono kateni mistari 10 ya kuvuka. Kwenye kila mstari pimeni upana, na kina kwenye robo, nusu na robo tatu. Jumla ya vina hivyo vitatu mgawanye kwa 4 mpate wastani wa kina, kwa kuwa ukingoni kina ni sifuri. Andikeni sakafu ni tope, mchanga au kokoto, na majani yamefunika asilimia ngapi. Kasi ya maji haihitaji mashine: chungwa likielea mita 10 kwa sekunde 40, kasi ya uso wa maji ni mita 0.25 kwa sekunde, zidisheni kwa 0.85 mpate wastani wa mita 0.21 kwa sekunde. Oksijeni pimeni kabla jua halijachomoza, maana usiku kucha mimea nayo huitumia. Kipimo cha saa nane mchana kitawadanganya.

Kwa samaki, zibeni kipande cha mita 30 kwa nyavu pande zote mbili, kisha kokoteni mara tatu kwa nguvu ileile, mkipumzika nusu saa kati ya mikokoto. Waliokamatwa wakae kwenye ndoo zenye maji yanayobadilishwa mpaka mkokoto wa mwisho uishe. Hesabu ya mikokoto miwili ya kwanza ni hii: mkipata 60 kisha 24, zidisheni 60 kwa 60, mgawanye kwa tofauti, yaani 36. Makadirio ni samaki 100. Mkokoto wa pili ukilingana na wa kwanza au kuuzidi, fomula haina maana. Mara nyingi kamba ya chini ya wavu, yenye vizito vya risasi, imeinuliwa na mizizi na samaki wamepita chini yake. Penye matete msihangaike na kokoro, yaani wavu wa kukokota. Tegeni migono (mitego ya samaki) usiku mmoja, mwandike idadi yake na saa ilizokaa majini.

Wavu wa kukokota wa matundu ya milimita 6 hauruhusiwi kwa uvuvi wa kawaida, hivyo muoneni ofisa uvuvi wa wilaya mapema mpate kibali cha maandishi. Vaeni mabuti ya mpira yanayofika kifuani kwa ajili ya kichocho. Penye nyayo mbichi za kiboko, hameni. Hakuna takwimu inayostahili hilo.

SWALI: Nitamtofautishaje perege wa asili na sato?
Msomaji, Iringa

JIBU: Tazama mkia. Sato ana mistari ya wima iliyopangika mkia mzima. Perege wa asili wa bonde la Rufiji, Oreochromis urolepis, hana mpangilio huo. Tatizo ni kwamba hawa wawili huzaliana, na watoto wao huchanganya alama za pande zote mbili. Ukikutana na mkia wenye mistari nusunusu, usilazimishe jina. Mpige picha ya ubavu akiwa juu ya rula, kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95, na uandike lebo kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka humo.