Baba anataka sendofu ya milioni 18, sisi tunataka ibada ya Jumapili

Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi Nkuhungu, Dodoma. Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari wilayani Bahi, na pia analima mpunga. Tumekubaliana kufunga ndoa katika ibada ya kawaida ya Jumapili, tule chakula cha mchana kwao, na akiba yetu ya shilingi milioni 4.5 iezeke nyumba tunayojenga. Baba hataki kusikia. Ameunda kamati ya sendofu yenye bajeti ya milioni 18. Ahadi zilizopatikana ni milioni 11, na pengo anataka tulijaze sisi, ikibidi kwa mkopo wa SACCOS. Anasema amechangia harusi za watu kwa miaka 20 na sasa ni zamu yake. Mama mdogo naye haachi kuniuliza kwa nini nilimkataa mfanyabiashara aliyeniposa mwaka jana. Je, ninamkosea baba?

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na ile miaka 20 ya baba yako, kwa sababu ndipo mgogoro wenu ulipo. Kila kadi ya mchango aliyoipokea na kila bahasha aliyoirudisha ilikuwa njia yake ya kusema kwamba yeye ni jirani mwema na ndugu wa kutegemewa, naye alijua kwamba siku atakapomuaga binti yake watu hao hao watamjia. Katika mji wetu, ambao umepokea wageni wengi hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, michango ya aina hii imewafanya watu wasio wa ukoo mmoja wazikane na waozeshane kama ndugu. Kwa hiyo unapomwambia kwamba hamtaki sherehe, yeye anasikia kwamba watu aliowatendea wema hawataonja chakula nyumbani kwake. Hilo linamuumiza kweli, na usilichukulie kuwa ni kupenda makuu.

Lakini msikope. Milioni 11 zilizoandikwa kwenye daftari la kamati bado hazijawa fedha, na sisi tuliokaa katika vikao hivi tunawajua wanaoahidi kwa kuona haya mbele ya wenzao, kisha wiki ya shughuli hawapatikani, na mwenye ukumbi, mpishi na mpambaji wanapodai chao anayekabwa ni mwenye shughuli. Mkiongeza juu yake marejesho ya mkopo yanayokatwa kila mwezi kwenye mshahara wa mwalimu, mtakuwa mnailipia jioni moja huku nyumba yenu ikiwa haina paa. Kumbuka pia mnakokwenda kuishi: mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua ikigoma mkulima hurudi sokoni kununua chakula kama mtu mwingine yeyote. Anayetaka maisha ya kadiri katika nchi kavu kama hii anahitaji akiba kuliko tajiri.

Kisheria hampungukiwi na kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili, taarifa ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Ukumbi na keki havimo.

Mama mdogo mjibu kwa heshima kwamba posa ile ilikwisha, nawe usiirudie.

Liko jambo moja ambalo barua yako haikuligusa. Je, mchumba wako anayataka maisha haya kwa moyo, au anayasifia kwa kuwa leo hana zaidi? Muulize atafanya nini akipata uhamisho wa mjini, na wewe ujiulize kama utavumilia miaka mitano ya Bahi bila kumlaumu. Majibu yenu yakitofautiana, ni heri mjue sasa.

Kwa baba yako, usiende na neno "hatutaki". Mwombe bajeti ishuke hadi kwenye fedha zilizokwisha kutolewa, na badala ya ukumbi mwaandalie wageni wake chakula nyumbani Nkuhungu: maturubai na viti vya kukodi, mbuzi, pilau, akina mama wa mtaa wakipika pamoja kama walivyozoea. Waalikwe hata wale ambao hawakuweza kutoa kitu. Hapo baba atakuwa amewakaribisha watu wake kwa heshima yake yote, na akiba yenu itabaki salama.

Nenda kwake kabla ya kikao kijacho, jioni akiwa ametulia, bila mchumba wako na bila mama mdogo. Mwombe alitoe daftari lake mwenyewe la michango, kama analo, akusomee majina ya watu aliowachangia miaka yote hiyo na akueleze kila mmoja ni nani kwake. Msikilize mpaka jina la mwisho, ndipo umwambie mnachoomba.