Jibu: Je, falsafa ya kuwa inahusiana vipi na mageuzi ya kisiasa?

Ndugu, umeuliza kama elimu ya kuwa, yaani ontolojia, ina kazi yoyote katika mageuzi ya kidemokrasia, au ni mjadala wa darasani tu. Kwa maoni yangu inayo, na mfano ulio karibu nasi ni suala la mgombea binafsi, yaani anayegombea bila chama, Tanzania.

Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema: «Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa.» Litazame neno «ni»: usawa hapo haukutolewa na mtu yeyote, umo ndani ya utu wenyewe. Lakini ukifika ibara ya 39, inayohusu sifa za mgombea urais, unakuta lazima awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, na ibara ya 67 inaweka sharti kama hilo kwa wabunge. Hapo kuwa mtu hakutoshi tena. Inabidi uwe na kadi.

Mageuzi ya 1992, yaliyofuata mapendekezo ya Tume ya Nyalali, iliyochunguza kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, yaliongeza vyama bila kuligusa sharti hilo la chama. Mchungaji Christopher Mtikila ndiye aliyelipeleka mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Nami naona iliamua sawasawa, kwa sababu raia hutangulia chama, na chama kisicho na watu hakipo kabisa.